Ukipandisha Masharti ya Kuhitimu, Anza na Darasa la Tisa

Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikua mkiusubiri mtihani wa kidato cha nne: siku chache zinazoamua mengi, namba ya mtahiniwa, kisha miezi ya kungoja matokeo. Huku mtoto anahitimu kwa kukusanya. Somo alilofaulu kwa mwaka mzima linampa krediti moja, la nusu mwaka nusu krediti, na akitimiza idadi inayotakiwa katika masomo yanayotakiwa, anavaa joho. Idadi hiyo haipangwi na serikali kuu. Karibu kila jimbo lina sheria yake, na juu ya sheria ya jimbo kila wilaya ya shule inaweza kuongeza yake.

Ndiyo maana mjadala wa kupandisha masharti ya kuhitimu hauishi nchini humu. Kila baada ya miaka kadhaa wabunge wa jimbo fulani wanakaa, wanasema vijana wanatoka na diploma lakini hawajaiva kwa chuo wala kwa kazi, kisha wanaongeza masomo ya lazima. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao vya shule na wazazi hapa Michigan, na kazi hiyo imenipa msimamo ambao sioni haya kuusema. Masharti yawe makubwa, na yawe makubwa kwa wote. Ila fedha, walimu na saa za ziada viende darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya huku, kwa mtoto anayeanza chini. Sheria inayodai mengi mwishoni bila kutoa chochote mwanzoni inawaumiza wale wale iliyodai kuwatetea.

Tuanze na krediti yenyewe, maana ina historia ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, alitoa fedha za kuwalipa pensheni maprofesa wa vyuo. Taasisi iliyosimamia fedha hizo ikaweka sharti: chuo kinachotaka maprofesa wake wafaidike kiwadai wanaoomba kujiunga wawe na angalau vizio 14 vya masomo ya sekondari, na kizio kimoja kikawa takriban saa 120 za kufundishwa somo moja. Vyuo vikafuata fedha, shule zikafuata vyuo. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, kijana aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anapimwa elimu yake kwa kizio kilichobuniwa ili maprofesa wapate pensheni.

Kipimo hicho kinaeleza mtoto alikaa darasani muda gani. Alichoelewa ni habari nyingine. Michigan ilijaribu kulirekebisha hilo, na sheria yake inataka krediti itolewe kwa kuonyesha umahiri wa yaliyofundishwa, wala si kwa kukaa tu. Lakini ukiingia ofisi yoyote ya washauri wa wanafunzi, utaona bado watu wanahesabu mihula na vipindi, kwa sababu ratiba ya shule imejengwa juu ya vipindi.

Wimbi kubwa la kwanza la kupandisha masharti lilianza Aprili 1983. Tume iliyoundwa na Terrel Bell, waziri wa elimu wa Rais Ronald Reagan, ilitoa ripoti iliyotikisa nchi, A Nation at Risk. Ilipendekeza kila mwanafunzi wa sekondari asome Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi mitatu, masomo ya jamii mitatu na nusu mwaka wa kompyuta. Majimbo mengi yakaongeza masharti yao katika miaka iliyofuata. Wimbi la pili likaja baada ya mwaka 2000, na safari hii maneno yaliyotawala yalikuwa utayari wa chuo na kazi. Hapa Michigan gavana Jennifer Granholm alitia saini sheria mpya mwaka 2006. Kabla ya hapo jimbo zima lilikuwa na somo moja tu la lazima, uraia, na hilo ni la nusu mwaka; mengine yote yalikuwa shauri la wilaya. Sasa ni krediti 18: Kiingereza nne, hisabati nne ikiwemo aljebra ya pili, sayansi tatu, masomo ya jamii tatu, afya na michezo moja, sanaa moja, na lugha isiyo Kiingereza mbili. Walioingia darasa la tisa kuanzia 2024 wana pia nusu krediti ya usimamizi wa fedha binafsi.

Kwa nini naunga mkono orodha ndefu namna hiyo? Kwa sababu nimeona nani huchaguliwa kusoma masomo mepesi pale sheria inaponyamaza.

Mzazi wa kwetu akiingia shule ya Marekani anaingia na heshima yote aliyolelewa nayo. Mwalimu ni mzazi wa pili, mwalimu ndiye anayejua. Mshauri akisema, "Tumempangia masomo mepesi kwanza, azoee mazingira," mzazi anaitikia kwa kichwa na kushukuru. Masomo hayo mepesi yana majina mazuri, na mtoto anapata A. Miaka miwili inapita. Anapotaka kuomba chuo, anaambiwa njia aliyowekwa haikuwahi kuelekea huko. Watoto wa wazazi waliosoma Marekani hawapotei kirahisi hivyo, maana nyumbani kuna mtu anayejua kwamba jiometri ikichelewa, aljebra ya pili nayo inachelewa. Sheria inayosema kila mtoto atasoma aljebra inamtetea mtoto ambaye mama yake hajui kwamba kuna kitu cha kutetea.

Kuna wanaouliza: anayetaka kuwa fundi umeme, aljebra ya nini? Wamuulize fundi umeme. Programu za uanagenzi zinazoendeshwa kwa pamoja na chama cha mafundi umeme, IBEW, na waajiri wao huwataka waombaji wawe na mwaka mzima wa aljebra wenye alama ya kufaulu, kisha kuna mtihani wa kuingilia wenye aljebra na ufahamu wa kusoma. Ukikosa karatasi hiyo, utafagia eneo la ujenzi huku mwenzako wa umri wako akilipwa anapojifunza. Mchumi Joshua Goodman alichunguza majimbo yaliyoongeza masharti ya hisabati baada ya ile ripoti ya 1983, akakuta kwamba kwa wanafunzi weusi kila mwaka wa ziada wa hisabati waliolazimika kuusoma uliwaongezea kipato cha utu uzimani kwa takriban asilimia 10. Tena sehemu kubwa haikuwa hisabati ya juu. Ilikuwa ile ya kawaida tu, ambayo bila sharti wasingeisoma.

Kwa hiyo sina ugomvi na orodha. Ugomvi wangu ni na kile kinachofuata.

Kikao kimoja cha mwezi wa tatu nakikumbuka vizuri. Binti alikuwa darasa la kumi na mbili, amefika nchini akiwa kijana mkubwa kutoka Nyarugusu, kule Kigoma, ambako shule za Wakongomani hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Mshauri aligeuza karatasi ya matokeo ikamwelekea mama, akapitisha kalamu mstari kwa mstari. Kiingereza cha wageni: A, A, B. Sanaa: A. Biolojia: C. Aljebra ya kwanza: E, ambayo huku ndiyo kufeli, kisha D baada ya kurudia. Jiometri: E. Aljebra ya pili: nafasi tupu. Chini ya karatasi kulikuwa na kisanduku chenye namba mbili, krediti alizonazo na krediti zinazotakiwa, na pengo kati yake halikuwa la kuzibwa kwa miezi iliyobaki. Zile krediti za Kiingereza cha wageni, ambazo binti alizipata kwa jasho, nyingi zilikuwa zimeandikwa kwenye safu ya masomo ya hiari. Hazikuhesabiwa katika zile nne za Kiingereza.

Mama akaitazama karatasi, akanigeukia. "Dada, mbona kila mwaka walinipa cheti cha pongezi?"

Alikuwa anasema kweli. Vyeti vya mahudhurio, vyeti vya tabia njema, amevihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za uhamiaji. Shule ilikuwa imemwandikia mara nyingi, kwa Kiingereza, na barua za pongezi zilifanana kwa sura na barua za onyo. Mshauri hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na mamia ya wanafunzi wa kuwashughulikia. Chama cha washauri wa shule nchini kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na Michigan kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yaliyo mbali zaidi na pendekezo hilo. Yaani jimbo liliandika moja ya sheria ndefu za kuhitimu, kisha likamwachia mtu mmoja kuwafuatilia watoto wa mtaa mzima.

Suluhisho alilopewa binti lilikuwa masomo ya kufidia krediti kwenye kompyuta. Ni muhimu kuyaeleza kwa karibu, kwa sababu ndipo masharti makubwa yanapoyeyuka. Unakaa kwenye chumba chenye kompyuta, umevaa visikizio. Video ya dakika chache inaeleza parabola, kwa Kiingereza cha haraka. Kisha maswali yanakuja, kila moja na majibu manne. Ukikosea, unarudia, na mara nyingi swali ni lile lile ila majibu yamebadilishana nafasi. Hakuna wa kuuliza isipokuwa msimamizi, ambaye anasimamia pia wanaofidia kemia, historia na Kispania. Kuna kijana aliyemaliza jiometri ya mwaka mzima kwa wiki chache kwa njia hiyo. Nilimwomba anieleze pembe za pembetatu jumla yake ni ngapi. Alicheka, akasema hilo swali lilikuwa sehemu ya nyuma sana.

Hili limetokea kwa ukubwa wa kutisha penginepo. Mwaka 2005 bodi ya shule za Los Angeles iliamua kwamba kila mwanafunzi atasoma zile kozi 15 ambazo vyuo vikuu vya umma vya California huzidai kwa anayeomba kujiunga. Uamuzi mzuri, na nautetea mpaka leo. Lakini ilipofika 2015, ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya darasa litakalohitimu isingevuka, na bodi ikakubali alama ya D itoshe kuhitimu. Vyuo vikuu vyenyewe vinataka C. Kwa hiyo mtoto anaweza kusoma orodha nzima ya kumwandaa kwa chuo kikuu, akapata diploma yake, na chuo kikuu kikamkataa kwa orodha ile ile. Jijini Washington uchunguzi rasmi wa wahitimu wa mwaka 2017 ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya waliohitimu walipewa diploma kinyume cha kanuni, wengi wao wakiwa wamekosa shule siku nyingi mno au wamepitishwa kwenye masomo ya kufidia isivyo halali. Walimu walisukumwa wapitishe, kwa sababu shule nayo hupimwa kwa idadi ya wanaohitimu. Ukimbana mtu juu kwa masharti na chini kwa takwimu, atatafuta upenyo katikati.

Chicago ndiyo iliyonifundisha zaidi, maana kule watafiti wa chuo kikuu wamekaa na shule hizo kwa miongo, wakihesabu bila kuchoka. Mwaka 1997 jiji lilifuta masomo ya hisabati na Kiingereza ya kiwango cha chini, likataka kila mwanafunzi asome mtaala wa kumwandaa kwa chuo kuanzia darasa la tisa. Krediti za aljebra ziliongezeka. Alama za mitihani hazikupanda. Waliofeli hisabati waliongezeka miongoni mwa wanafunzi waliokuwa dhaifu, na idadi ya waliokwenda chuo haikuongezeka. Michigan nayo ilichunguzwa baada ya sheria yake ya 2006, na jibu likafanana: mabadiliko madogo sana kwa wengi, na kwa walioingia sekondari wakiwa nyuma zaidi, uwezekano wa kumaliza kwa wakati ulipungua kidogo. Texas ilipandisha masharti mpaka miaka minne ya kila somo kuu, kisha 2013 ikarudi nyuma na kuiondoa aljebra ya pili kwenye masharti ya wote.

Wengine wakisoma matokeo hayo wanasema, basi, tuache, kila mtoto achague njia yake. Mimi nasoma kitu kingine kabisa, kwa sababu Chicago haikuishia 1997.

Mwaka 2005 watafiti wale wale walionyesha kwamba unaweza kujua nani atahitimu kwa kutazama mwisho wa darasa la tisa mambo mawili tu: je, amepata krediti tano za mwaka mzima, na je, hajafeli zaidi ya muhula mmoja katika somo kuu? Aliyetimiza hayo alikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kumaliza kwa miaka minne kuliko asiyetimiza. Kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko alama alizoingia nazo kutoka shule ya kati. Hebu fikiri maana yake. Mtoto aliyeingia na alama duni lakini akavuka mwaka wa kwanza salama ana matumaini makubwa, na aliyeingia na alama nzuri akayumba mwaka huo yuko hatarini, ingawa kwa miaka mitatu ijayo hakuna atakayempigia mzazi simu. Shule za Chicago zikaanza kufuatilia darasa la tisa wiki kwa wiki: nani amekosa siku mbili, nani ameanguka kwenye hisabati mwezi wa kumi, nani wa kwenda nyumbani kwao. Kiwango cha kuhitimu, kilichokuwa karibu nusu mwanzoni mwa karne hii, sasa kimepita asilimia 80.

Na kuna jambo la pili, dogo, ambalo nalipenda kuliko yote. Mwaka 2003 jiji hilo liliamua kwamba wanaoingia darasa la tisa wakiwa chini ya wastani katika hisabati watasoma aljebra vipindi viwili kwa siku badala ya kimoja. Somo lile lile, sharti lile lile, muda mara mbili, na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Wachumi waliowafuatilia miaka mingi baadaye walikuta kwamba waliongezeka waliomaliza sekondari na walioingia chuo. Walionufaika zaidi walikuwa wale ambao kusoma kwao kulikuwa dhaifu, kwa sababu vipindi vile vilikuwa na kuzungumza na kuandika kwingi kuhusu hisabati. Niliposoma hilo nilimfikiria kila mtoto wa Kiswahili ninayekaa naye kwenye vikao, anayejua kutafuta x lakini hajui swali linamtaka nini.

Kipindi cha pili cha aljebra ni gharama. Ni mshahara wa mwalimu, ni chumba, ni somo la hiari ambalo mtoto atalikosa muhula huo. Hapo ndipo wabunge wanaposhindwa. Kuongeza mstari kwenye sheria hakugharimu senti, na unapigwa nayo picha. Kuajiri walimu wa hisabati wa darasa la tisa kunaingia kwenye bajeti kila mwaka, na hakuna anayekata utepe.

Kuna pia mtindo wa siku hizi wa kuongeza masharti ya makaratasi. Chicago, kuanzia wahitimu wa mwaka 2020, humtaka kila mhitimu aonyeshe mpango wake wa baada ya shule. Louisiana ilikuwa ya kwanza kumtaka mwanafunzi ajaze fomu ya msaada wa fedha za chuo ndipo ahitimu, kisha ikaliondoa sharti hilo mwaka 2024. Nia ni nzuri, na fomu hiyo huleta fedha za kweli kwa familia maskini. Lakini fomu ya mwaka wa nne haiwezi kumfundisha mtu jiometri ya mwaka wa pili.

Kwa wazazi wenzangu mnaoleta mtoto darasa la tisa mwaka huu, hasa hapa Michigan, nina mambo ya kusema ambayo hayasubiri bunge. Msingoje mwaka wa nne. Mwezi wa kumi, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, ombeni karatasi ya krediti na ulizeni somo kwa somo: hili linaingia safu gani, la lazima au la hiari? Kiingereza cha wageni kinahesabiwa kama Kiingereza au la? Akifeli muhula wa kwanza, atarudia lini, na kwa mwalimu au kwa kompyuta? Sheria ya jimbo inaruhusu mzazi kuomba mtaala binafsi unaorekebisha baadhi ya masharti, na inaruhusu maudhui ya aljebra ya pili yafundishwe ndani ya kozi za ufundi. Haya mara nyingi hamtaambiwa msipouliza. Zile krediti mbili za lugha nazo zinaweza kupatikana kwa kuthibitisha umahiri uliopatikana kwingine, kwa hiyo mtoto anayesoma na kuandika Kiswahili au Kifaransa asikalishwe Kispania cha kwanza kabla hamjaulizia, kwa sababu nafasi hiyo kwenye ratiba ndiyo ingeweza kuwa kipindi chake cha pili cha aljebra.

Na kwenye kikao hicho ombeni mkalimani. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila kumtoza chochote. Wakiwaambia mtoto yupo, atatafsiri yeye, kataeni kwa upole na mngoje. Mtoto aliyefeli jiometri asipewe kazi ya kuwatafsiria wazazi wake kwamba amefeli jiometri.